Kilo Sita Chini ya Khanga

Nimekosa. Nalisema hili kwanza kabla sijaanza kuzungukazunguka, maana najijua. Mimi nikipewa nafasi ya kujieleza naweza kuongea mpaka jua likazama, na mwishowe ukaniona mimi ndiye niliyeonewa. Sikuonewa na mtu. Nilichezea mzani wa watu, na rafiki yangu amepoteza macho.

Haya, umeshajua. Sasa kaa nikusimulie ilivyokuwa, na usinionee huruma kabla ya wakati.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na sita, naishi Bigwa, hapa chini ya mlima, na nina meza ya mboga sokoni mjini. Niligundulika na sukari miaka mingi iliyopita. Wakati huo nilikuwa na kilo tisini na nne, nikipanda ngazi tatu za kanisani nahema kama nimebeba gunia la viazi.

Ndipo ukaja ule mradi wa watu wenye kisukari. Miaka mitatu mizima! Kila Alhamisi tulikutana wanawake kumi na wawili kwenye ukumbi wa parokia. Tunapimwa sukari, tunapimwa uzito, tunafundishwa kupanga sahani: nusu iwe mboga, na ugali uwe kiasi cha ngumi yako, siyo ngumi ya mumeo. Muuguzi aliyetusimamia tulimwita Dada, ingawa ni mdogo kwetu wote na alikuwa akituamkia shikamoo mmoja mmoja. Usipofika anakupigia simu. Ukifika umenuna, anakuuliza kulikoni. Tukaacha soda, tukapunguza wali, tukatembea mpaka viatu vikaisha soli.

Nilishuka mpaka kilo sabini na nane. Kumi na sita zilikwenda! Wakanipiga picha, wakaiweka kando ya picha yangu ya zamani, zote mbili zikabandikwa ukutani kliniki tunakochukulia dawa, ili watu wakipita waone kwamba inawezekana. Nilikuwa nikienda kuchukua dawa nakaa benchi la mbele, chini ya ile picha, nasubiri mtu anitambue. Ndivyo nilivyo. Napenda sifa tangu utoto.

Ile picha ndiyo iliyoniponza.

Katika kikundi chetu alikuwemo mwenzangu mmoja ambaye tulibatizwa jina moja. Kwa hiyo hatukuwahi kuitana kwa majina. Yeye ananiita somo, mimi namwita somo. Analima huko juu mlimani, karoti, kabichi na njegere, na mimi ndiye ninayemuuzia sokoni. Kila Alhamisi alishuka asubuhi na tenga lake kichwani, ananikabidhi mboga, tunakunywa chai isiyo na sukari huku tukiisema vibaya hiyo chai, halafu tunakwenda kupimwa pamoja. Hana makuu yule mama. Ukimwambia kitu anakiamini, na akiamini basi.

Mradi ulipokaribia kwisha tulishona sare. Kitenge cha kijani chenye maua ya njano, kila mmoja kapimwa kwa mwili wake mpya. Dada alitutania siku ile, akasema, "Mama zangu, hizi gauni ni mzani wa pili. Ikikubana jiulize, na ikikupwaya jiulize." Tulicheka sana. Nilidhani ni utani.

Siku ya kuagana tulipewa vyeti, na kikundi kikaachiwa mzani mmoja. Ni ule wa kusimama juu, wenye mshale na kioo, na kwa nyuma una kigurudumu kidogo cha kurekebishia mshale ukae kwenye sifuri. Dada alinionyesha mimi peke yangu jinsi ya kukizungusha, kwa sababu mimi ndiye niliyechaguliwa mwenyekiti. Angechaguliwa nani mwingine? Picha ya nani iko ukutani?

Tukaendelea kukutana kila Alhamisi, sasa kwenye kibaraza changu. Tulikuwa na utaratibu wetu. Unapopanda kwenye mzani, anayekufuatia ndiye anayesoma namba yako kwa sauti, na mimi naiandika kwenye daftari. Umeshuka, unapigiwa vigelegele. Umebaki palepale, unapigiwa makofi. Umepanda, wote kwa pamoja tunakupokea kama mtu aliyetoka safari: "Karibu mgeni na mizigo!" Unacheka, lakini kimoyomoyo inakuuma, na wiki inayofuata unajitahidi.

Mimi sikuwahi hata siku moja kukaribishwa na mizigo.

Miezi ya mwanzo ilikwenda vizuri. Halafu, jamani, sijui niseme nini! Hakuna aliyekuja kuniambia "kula." Ila hakukuwa tena na simu ya Dada. Hakukuwa na mtu wa kunipima sukari kila wiki na kukunja uso. Tukaenda kwenye harusi upande wa mume wangu, mawifi wakanishika mkono wakaugeuzageuza kama wananunua kuku. "Wifi, mbona umekwisha hivi? Una nini? Kaka yetu hakulishi?" Nikasikia na minong'ono nyuma yangu, ile ya mtu akikonda tu basi ana ugonjwa ule. Baba watoto alirudi nyumbani kanyongea. Kesho yake akaniletea chapati na supu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Simlaumu. Mkono uliopeleka tonge mdomoni ni wangu. Ikawa chapati leo, kesho andazi la saa nne pale sokoni, keshokutwa wali wa mama lishe na mchuzi wa juu. Kilo zikarudi moja moja, kama kuku wanavyorudi bandani jioni. Huwaoni wakiingia, ukihesabu unakuta wametimia.

Jumatano moja, mwezi wa nane, nikajipima peke yangu. Themanini. Nilishuka, nikapanda tena, nikavua na khanga. Themanini.

Ningeweza kusema kesho yake, "Jamani, nimepanda kilo mbili." Wangenikaribisha na mizigo yangu, tungecheka, yangeisha. Lakini niliiona ile picha ukutani. Nikawaona wale wanawake wakitazamana. Nikainama, nikashika kile kigurudumu, nikakirudisha nyuma mpaka mshale ukaonyesha pungufu ya kilo mbili. Nikajiambia ni wiki hii moja tu, nijirekebishe.

Aliyekuwa ananifuatia kesho yake ni somo. Akasoma kwa sauti, "Sabini na nane!" Nikapigiwa makofi. Halafu akapanda yeye, mwenzake akasoma: sabini. Wiki iliyopita alikuwa sabini na mbili! Vigelegele! Aliyefuata naye ameshuka mbili. Anayefuata, mbili. Kibaraza kizima kikawa ngoma. Somo alinikumbatia akazunguka na mimi, na mimi nikapiga vigelegele kwa sauti kuliko wote. Mungu wangu, nisamehe, nilipiga vigelegele!

Sikufikiria hata kidogo kwamba mzani ni wa wote. Nilikuwa nafikiria kilo zangu.

Ili wasiuone mshale umelala upande usiostahili, nikaanza kuufunika mzani na khanga. Nikawaambia ni vumbi la barabarani linaingia kwenye kioo. Mtu anapanda juu ya khanga, halafu mimi navuta pindo pembeni kidogo, namba inasomwa. Akishuka, naachia. Hakuna aliyeuliza. Nani amuulize mwenyekiti?

Na hapo ndipo mlango ulipojifunga nyuma yangu. Nikirudisha kigurudumu mahali pake, kikundi kizima kinapanda kilo mbili kwa wiki moja, wataulizana. Nisipokirudisha, uongo unaendelea. Na mimi ndiyo kwanza nanenepa, maana sasa hakuna wa kunikaribisha na mizigo. Fundi akanifungulia sare yangu mishono ya ubavuni, nikamwambia asimwambie mtu. Nikazungusha tena kidogo mwezi wa kumi, na tena mwezi wa kumi na moja. Kufika Krismasi kigurudumu kilikuwa nyuma kilo sita. Mimi nina themanini na nne, mzani unasema sabini na nane. Somo ana sabini na mbili zake zilezile alizomaliza nazo mradi, mzani unasema sitini na sita.

Nililala na kuamka na ule mzani. Nikiwa sokoni nawaza kama kuna mtoto ameugusa. Nikisikia mtu anabisha hodi Jumatano, nakimbilia kuufunika kwa khanga kwanza. Nyumbani kwangu mwenyewe nilikuwa kama mtu aliyejificha.

Alhamisi moja baada ya Mwaka Mpya, somo alikuwa ananipangia karoti mezani. Akaniambia kwa furaha, "Somo, nikwambie siri? Vile vidonge nimeanza kuvipumzisha. Nakunywa siku moja, naacha mbili. Kilo sita zimeondoka zenyewe, sasa nanywea nini? Mwili umeshapona."

Nilijua hakuna hata kilo moja iliyoondoka. Nilijua! Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Lakini ningemwambia usiache vidonge, angeuliza kwa nini, na mimi ningejibu nini? Nikamwambia, "Sikiliza mwili wako, somo." Akaitikia, akaendelea kupanga karoti. Baadaye akaacha vidonge kabisa, na hilo pia aliniambia.

Baada ya Pasaka simu ikalia. Dada! Sauti yake ileile. "Shikamoo mama. Nimewakumbuka. Baada ya wiki saba nakuja kuwatembelea, nitakuja na mzani wangu wa betri, niwaone mlivyosimama imara."

Dada akifika na mzani wake, kila mtu atapanda kilo sita mbele ya macho yangu, na ataugeuza ule wa kwetu, atakuta kigurudumu kiko wapi. Na aliyefundishwa kukizungusha ni mmoja tu.

Nikapanga akili yangu ya kishetani. Wiki sita, kilo moja kila wiki. Nitakirudisha taratibu, wataona wanapanda kidogokidogo, watalaumu pilau la Pasaka. Dada atakapokuja atakuta mzani uko kwenye sifuri.

Na ndivyo ilivyokuwa! Alhamisi ya kwanza, kilo moja kila mtu. "Karibu mgeni na mizigo!" Ya pili, kilo nyingine. Hata mimi nilikaribishwa, na wala sikuona aibu sana, kwa sababu kifo cha wengi ni harusi. Mmoja alilaumu pilau, mwingine akalaumu magimbi, mwingine akasema masika haya mtu utatembea wapi na matope. Tukacheka.

Mtu mmoja tu hakupanda. Somo. Alhamisi ya kwanza sitini na sita. Ya pili sitini na sita. Ya tatu, sitini na sita. Wakampigia makofi, wakampa jina la Mwamba. "Tazameni mwenzenu!" nikasema mimi mwenyekiti. "Huyu ndiye wa kuigwa."

Ya nne, sitini na sita.

Nataka uelewe vizuri hapa, ndugu yangu, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Mzani ulikuwa unaongeza kilo moja kila wiki, kwa mkono wangu. Mtu ambaye mwili wake haujabadilika alitakiwa apande. Yeye alikuwa anabaki palepale. Maana yake alikuwa anapungua kilo moja kila wiki, na mzani ulikuwa unamfichia.

Sikuliona mara moja. Lakini niliona mengine. Alikuwa akifika tu anaomba maji, anakunywa vikombe vitatu vinne bila kupumzika. Kwenye kikao cha saa moja anakwenda chooni mara mbili. Sare yake ameikamata kiunoni kwa pini.

Alhamisi ya tano masika yalikuwa yameshakatika. Jua kali, mlima uko wazi, ungeweza kuhesabu miti ya huko juu. Tumekaa kibarazani, somo akatazama upande wa kwao, akasema, "Leo ukungu umeshuka mpaka huku Bigwa."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia. Alikuwa anafikicha macho kwa ncha ya khanga.

Halafu akaniuliza. Aliniuliza, jamani! Aliinama sikioni akasema polepole, wenzetu wasisikie: "Somo, mbona sare inanivuka hivi? Na mzani unasema niko palepale. Hebu niambie wewe unayeujua. Ni mimi au ni nguo?"

Pale ndipo nikapiga hesabu kichwani. Kigurudumu kimerudi tano, na huyu hajapanda hata moja. Miaka mitatu Dada alikuwa ametuimbia: kilo zikiondoka bila kuzifukuza, kiu ikawa kali, ukaenda haja ndogo kila saa, macho yakaweka ukungu, usingoje kesho. Nilikuwa naijua orodha nzima kama Baba Yetu. Iliketi mbele yangu, imevaa kitenge cha kijani.

Nikamjibu, "Nguo za siku hizi zinalegea zikifuliwa. Mzani haudanganyi, somo."

Akasema, "Haya. Nilitaka tu kusikia kwako."

Nilijiambia zimebaki Alhamisi mbili. Ijayo mzani utakuwa sawa, halafu Dada atakuja, atamwona mwenyewe, atampima sukari, atamkemea kwa kuacha vidonge, na yote yatakwisha bila mimi kufungua mdomo. Wiki mbili tu. Mtu aliyekaa na sukari miaka yote hii, wiki mbili zitamfanya nini?

Alhamisi ya sita nilikirudisha kigurudumu kwa mara ya mwisho. Mshale ukalala kwenye sifuri, nikautoa mzani nje bila khanga. Somo akapanda. Sitini na sita. Safari hii zilikuwa kilo zake kweli. Kile nilichomdanganya tangu Krismasi kilikuwa kimetimia mwilini mwake. Alishuka kwa kushika bega langu, na mkono ulikuwa mwepesi.

Alhamisi ya saba Dada akaja. Tumejipanga na sare zetu, baadhi zimetubana, tunachekana. Somo hayupo. Nikasema labda mboga zimemchelewesha. Kabla hata chai haijamiminwa, ikasimama bodaboda, akashuka shemeji, mume wake. Matope ya shambani mpaka magotini. Hakusalimia.

"Ameanguka kwenye matuta ya karoti," akasema. "Tumemshusha kwa machela. Yuko hospitali, haongei."

Wanawake wakaanza kulia. Dada alipiga simu hospitali anakofahamiana na watu, akasikiliza, akakata. Kisha akasema, "Sukari yake imepanda kiasi ambacho mashine inashindwa kusoma." Akaomba daftari la uzito.

Nikamletea. Alifunua kurasa, akaweka kidole kwenye jina letu, langu na lake, akafuata mstari wake. "Sitini na sita, sitini na sita, wiki sita. Hapana. Mtu mwenye sukari hiyo anakonda. Mama zangu, hakuna aliyemwona anakonda?"

Mmoja akasema, "Tulimwona, Dada, lakini mzani..."

"Hebu niuone huo mzani."

Akauweka sakafuni kando ya wake wa betri. Akapanda wetu, akashuka, akapanda wake. Namba ileile! Akarudia. Namba ileile. Akainuka, akasema, "Mzani wenu mzima kabisa. Sielewi."

Wanawake kumi wananitazama, na mimi nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo tu. Nikainama nikaanza kumimina chai. Kazi yangu ya wiki sita ilikuwa imefaulu mno, hata mimi mwenyewe nisingeweza kuithibitisha tena. Hakuna wa kunishtaki. Hakuna wa kunitoa.

Kabla hajaondoka kwenda hospitali, Dada aliona daftarini kilo zangu themanini na nne. Akanishika mkono, akaniambia kwa upole, "Mama yangu, kilo sita si dhambi. Mradi ukiisha watu wengi huwa zinawarudia. Ungenipigia simu tu, tungeanza tena." 

Neno hilo nimelala nalo mpaka leo. Nilikuwa naficha kitu ambacho hakikuwa hata kosa.

Somo hakufa. Mungu amemwacha. Lakini daktari alisema macho yalikuwa yameanza kuharibika siku nyingi, na miezi ile ya sukari kupanda bila dawa ndiyo iliyomalizia. La kushoto halioni kitu. La kulia anaona mwanga, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni.

Kila Jumapili baada ya misa napanda mlima kwenda kumwona. Namkuta amekaa kizingitini anamenya njegere kwa kupapasa, na anamenya haraka kuliko mimi ninayeona. Akisikia hatua zangu anasema, "Somo huyo!" Nikianza kulia ananifariji yeye! "Usilie. Nilijiponza mwenyewe na vidonge. Kichwa changu kibovu." Ameniambia ameungama kwa padri kosa la kuuchezea mwili aliopewa na Mungu.

Ameungama kosa langu! Amepewa malipizi, amesali rozari yangu!

Mimi pia nimeungama, kwa padri huyohuyo. Aliniambia jambo moja: nenda ukamwambie. Sasa anatujua wote wawili, na tukipita pamoja kutoka kanisani, nimemshika mkono somo siku anazoshuka, padri anatazama chini. Nimepanda mlima Jumapili tisa kwenda kumwambia. Nimeshuka Jumapili tisa na njegere mkononi alizonifungashia.

Nilitaka kujiuzulu uenyekiti, wamekataa. Wanasema mimi ndiye mfano. Picha bado iko ukutani. Na sare imeanza kunienea tena, maana chakula hakipiti kooni. Juzi sokoni mteja mmoja akaniambia, "Mama, umependeza, umerudi kwenye mstari! Unafanyaje?" Nikampimia nyanya zake, nikamrudishia chenji.

Wewe uliyepitia mradi kama wetu ukaisha, na kilo zinakurudia, sema! Sema mbele ya watu wakucheke. Kicheko cha kibarazani hakijawahi kupofua mtu. Na wewe uliyekabidhiwa mzani, daftari au funguo za wenzako, kumbuka si mali yako. Na usije ukaacha dawa kwa sababu namba imeshuka, kapime sukari kwanza. Ukikonda bila kujitahidi, ukanywa maji bila kiu kwisha, macho yakaona ukungu kwenye jua, amini nguo yako. Usisikilize mzani wala mwenyekiti. Nenda siku hiyohiyo.

Nimebakiza moja, kisha nimemaliza.

Tangu macho yake yaondoke, somo ananiomba nimsomee gazeti. Nampelekea la wiki, na ukurasa anaoupenda kuliko yote ni huu unaousoma sasa, wa watu kutoboa makosa yao. Anasikiliza huku anamenya njegere, na anawahukumu bila huruma. Juzi nilimsomea habari za mtu aliyeficha jambo miaka, somo akasonya. "Huyu naye! Kufungua mdomo kulimshinda nini?"

Ndiyo sababu nimeandika. Kusema kumenishinda. Kusoma naweza. Yakichapwa haya, Jumapili nitapanda nayo mlimani, nitakaa kizingitini karibu yake, nitasoma tangu neno la kwanza bila kuruka hata mstari, kama kawaida yetu.

Somo, sauti unayoisikia inatetemeka ni yangu, na huyu ninayemsoma ni mimi. Zile kilo sita hukuzipunguza. Nilizitoa mimi kwa kidole. Uliponiuliza kama ni wewe au ni nguo, nilikuwa najua jibu.

Weka njegere chini, somo. Nimemaliza kusoma.